Kuelea ni Jambo Moja, Kusimama Wima ni Jingine: Mwongozo kwa Msafiri wa Majini

Ikiwa makazi yako ni pwani au kandokando ya ziwa, au ikiwa riziki yako, ziara zako na mazishi ya jamaa zako hukulazimu mara kwa mara kuvuka maji, basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Wala hautaki kwako elimu kubwa ya chuo, ila macho ya kutazama, subira ya kupima, na uthabiti wa kukataa kupanda chombo ambacho hesabu yake imekwisha kukuonya.

Aghalabu msafiri asimamaye gatini hujiuliza swali moja tu, nalo ni kama chombo kilicho mbele yake kitaelea. Swali hilo ni jepesi. Swali zito, ambalo wengi hawaliulizi, ni kama chombo hicho kikilazwa upande na wimbi, au na upepo, au na umati wa watu waliokimbilia ubavu mmoja, kitarudi kusimama wima. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, haikuzama papo hapo: iliendelea kuelea tumbo juu, ikichukuliwa na hewa iliyozuiliwa ndani yake, na watu waliokuwa hai ndani wakigonga vyuma. Ubavu ulipotobolewa ili watolewe, hewa ilitoka, maji yakaingia mahali pake, na meli ikaenda chini. Mamia ya watu walifariki. Humo mna mafundisho yote mawili: kwamba hewa ndiyo iliyokuwa ikiishika meli ile juu, na kwamba kuelea peke yake hakukuwafaa abiria kitu.

SABABU KWANZA: MAJI HUHIMILI NINI

Arkimedes wa Sirakuza, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi walipouteka mji wake, ndiye aliyethibitisha kwa hoja za hesabu kwamba kitu chochote kikitiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Maji hayatoi zaidi ya hapo wala hayapunguzi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya maji ya bahari yetu huzidi kwa gramu kama 25. Kwa hiyo chombo kikitaka kuchukua kilo elfu moja, uzito wake mwenyewe ukiwa ndani ya hesabu hiyo, sharti kijipatie nafasi ya lita elfu moja ndani ya maji, na kikikosa nafasi hiyo kabla maji hayajafika ukingoni, kitazama, awe nahodha wake hodari namna gani.

Ndiyo maana chuma, ambacho lita yake hukaribia kilo nane, huelea kikiundwa meli, kwa kuwa kinachohesabiwa ni chuma pamoja na hewa yote iliyomo ndani ya ubavu. Ndiyo maana pia gogo la mpingo huzama na gogo la mwembe huelea, ingawa yote mawili ni miti. Usidanganyike basi na mtu akuambiaye kwamba mashua yake ni ya mbao na kwa hiyo haiwezi kuzama: mbao zikijaa maji, na juu yake pamefungwa mashine na kupangwa mifuko ya saruji, kinachobaki cha kuelea ni kidogo mno.

JARIBIO LA BESENI

Kabla ya kuendelea, nakusihi ufanye jaribio hili nyumbani, na ukiwa na watoto uwaite watazame, kwa sababu jambo lililoonwa kwa macho halisahauliki upesi. Utahitaji beseni pana la maji, sufuria ndogo ya alumini, kopo refu jembamba, kokoto kiasi, na kalamu ya wino.

1. Ieleze sufuria tupu juu ya maji, utie alama ubavuni pale maji yalipofika.
2. Panga kokoto moja moja chini kabisa ya sufuria, ukitazama alama inavyoshuka, hata ukingo ubaki juu ya maji kwa wanda tatu. Isukume kwa kidole: itayumba, kisha itarudi kusimama.
3. Toa kokoto zote, uzitie katika lile kopo, ulisimamishe kopo katikati ya sufuria. Uzito ni takriban ule ule, na sufuria imezama takriban kiasi kile kile. Isukume tena kwa kidole, nawe utaiona ikienda moja kwa moja upande wake.
4. Mwisho, ondoa kopo, mimina ndani ya sufuria maji ya kimo cha wanda mbili, uiinamishe kidogo. Maji yote yatakimbilia upande ulioinama, na sufuria itachelewa kurudi. Ukizidisha kidogo, haitarudi.

Hatua ya pili inaonyesha kuelea. Hatua ya tatu na ya nne zinaonyesha namna watu wanavyokufa.

Sababu yake ni hii. Chombo kinapolala upande, ubavu uliozamishwa huondoa maji mengi zaidi, na msukumo wa maji huhamia upande huo ukauinua. Ikiwa uzito wa chombo umekaa chini, msukumo huo hupita nje ya uzito na kukisimamisha, lakini uzito ukiwa juu, wenyewe huinamia nje kuupita msukumo, na hapo maji yale yale yaliyokuwa yakikiokoa chombo humalizia kukipindua. Wazee wetu wa baharini walilijua jambo hili bila kitabu: jahazi lisilo na shehena halikuondoka bandarini mpaka litiwe farumi ya mawe au mchanga katika ngama, na ngalawa, ambayo ni nyembamba mno hata haiwezi kusimama peke yake, ikapewa matengo yake mawili ili kila upande unaolala ukute ubao wa kuushika.

HESABU YA SENTIMITA MOJA

Hesabu hii ningependa kila mwenye mashua aiandike kwa rangi ndani ya chombo chake.

1. Pima urefu wa mashua, kwa mita, pale maji yanapougusa ubavu, na upana wake pale palipo papana zaidi.
2. Zidisha vipimo hivyo viwili.
3. Kwa kuwa omo imechongoka na tezi haina upana wa kati, twaa sehemu saba katika kumi za jawabu lako.
4. Zidisha kwa kumi. Hizo ndizo kilo zinazoishusha mashua yako kwa sentimita moja.

Tuseme mashua ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5. Ukizidisha unapata 9. Sehemu saba katika kumi ni 6.3, ukizidisha kwa kumi unapata kilo 63, yaani mtu mzima mmoja. Kila abiria anayeingia anaishusha mashua hiyo kwa takriban sentimita moja, na mifuko mitano ya mchele, ya kilo 50 kila mmoja, inaishusha kwa sentimita nne. Abiria 20 na mifuko hiyo mitano wamekwisha kula sentimita 24, na bado mashine, mafuta, nanga na nyavu hazijahesabiwa.

Baada ya hapo tazama kilichobaki. Rai yangu ni kwamba mashua isiyo na sitaha isiondoke ikiwa ubavu wake, mahali ulipo chini kabisa, hautoi juu ya maji shibiri moja na nusu, hata kama ziwa limetulia kama kioo wakati wa kuondoka, kwa maana hesabu hii yote ni ya maji tulivu, na wimbi la nusu mita halina habari nayo.

Meli kubwa zimechorewa hesabu yao ubavuni. Ukisimama bandarini Mombasa au Dar es Salaam utaona duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ya mistari yenye herufi: T ni kikomo cha kupakia katika bahari za joto, F ni cha maji baridi, na TF, iliyo juu ya yote, ni cha maji baridi ya nchi za joto, kwa sababu meli ile ile huzama zaidi katika mto au ziwa kuliko baharini. Alama hiyo asili yake ni juhudi ya Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, aliyepigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizoshindiliwa mizigo. Sheria ilipita mwaka 1876, na miaka 14 mingine ikapita kabla sheria ya 1890 haijamwondolea mwenye meli uhuru wa kuichora alama hiyo apendapo. Alama ikiwa imezama, usipande.

KUPAKIA CHOMBO: MAAGIZO KWA NAHODHA NA MABAHARIA

1. Fua maji ya ngama kwanza mpaka uone mbao. Maji yanayotembea ndani ya chombo ni mabaya kuliko mzigo wenye uzito ule ule uliofungwa, kwa kuwa hukimbilia daima upande usiotakiwa.
2. Vizito viwe chini, juu ya mkuku: saruji, mchele, mabati, chuma. Magodoro, makuti na vikapu vitupu viwe juu.
3. Gawa sawasawa kulia na kushoto, kisha shuka nchi kavu, usimame mbele ya omo, ukitazame chombo kimesimamaje. Ukiwa ndani yake hutaona vizuri.
4. Funga kila kinachoweza kuteleza. Pipa la mafuta lililojaa, lililolazwa na kufungwa, halina neno. Lililojaa nusu lina hila ile ile ya maji ya ngama.
5. Ng'ombe na mbuzi wafungwe katikati, vichwa vikielekezwa pande mbalimbali, wasije wakasukumana ubavu mmoja wakishtuka.
6. Abiria wakae, na wakae chini. Mtu mmoja akisimama huupandisha uzito wake kwa karibu nusu mita; watu 30 wakisimama pamoja wamekibadilisha chombo kikawa kile kikopo cha hatua ya tatu.
7. Pima shibiri mara ya mwisho, watu wote wakiwa ndani.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuifanya hatua ya saba kabla ya ya sita: mzigo hupimwa kwa uangalifu asubuhi, kisha chombo kinaposogea gatini, jamaa watano, kumi, kumi na watano wanarukia, na hakuna anayetazama ubavu tena.

TAHADHARI KWA ABIRIA WA KIVUKO. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoidhinishwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Waliofariki walizidi 200. Angalia mahali: si katikati ya kilindi, bali karibu na kufika. Unapokaribia nchi kavu ndipo watu husimama, hubeba mizigo yao vichwani na kusongamana upande wa kushukia. Kwa hiyo:

— Soma idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, uilinganishe na watu unaowaona.
— Tazama namna chombo kinavyokwenda mrama. Kikilala na kurudi upesi, ni dalili njema. Kikilala na kukaa kidogo kana kwamba kinafikiri, kisha kikarudi pole pole, uzito umekaa juu. Kama bado kimefungwa gatini, shuka.
— Usikae chumba cha chini ikiwa unaweza kukaa mahali penye mlango wa wazi.
— Chombo kikitia kamba, baki umekaa hata uambiwe.

JAKETI LA KUJIOKOLEA

Mwili wa binadamu, mapafu yakiwa yamejaa pumzi, hukaribia kabisa kulingana na maji, na tofauti iliyobaki ni ndogo mno. Ndiyo maana jaketi lenye msukumo wa newtoni 100, ambazo ni sawa na kilo kama kumi, humtosha mtu mzima: halikusudiwi kumtoa majini, ila kukiweka kinywa chake juu ya maji hata akizimia.

1. Livae kabla ya kuondoka. Jaketi lililofungiwa kabatini ni mzigo kama mizigo mingine.
2. Kaza mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, halijakazwa.
3. Mtoto avalishwe jaketi la kimo chake, lenye mkanda upitao katikati ya miguu. La mtu mzima humtoka likaelea peke yake.
4. Usilikalie. Sifongo iliyobanwa miaka mingi hupoteza nafasi yake, na nafasi ndiyo inayoelea.
5. Jaketi la kujazwa hewa lisijazwe hata siku moja ndani ya chumba, cha meli au cha ndege. Ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuangukia baharini kando ya Ngazija, tarehe 23 Novemba 1996, ilikuwa na abiria waliojaza majaketi yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wasiweze kuzama kidogo ili kuufikia mlango. Kile kile kinachookoa nje hufunga ndani.

Usipokuwa na jaketi, uwe na dumu. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa vizuri, huinua karibu kilo 19, na watu wawili waliotulia waweza kulishika. Madumu matupu yaliyofungwa imara chini ya viti vya mashua, pande zote mbili, huifanya mashua iliyojaa maji ibaki juu ya maji.

NENO KWA WAVUVI NA WAPIGA MBIZI

Samaki wengi wameumbiwa kibofu cha hewa ndani ya tumbo, ambacho kwacho hujilinganisha na maji wasizame wala wasipande bila kutaka. Chewa akivutwa kutoka mita 30, hewa hiyo hutanuka hata mara nne afikapo juu, na ndiyo maana unayaona macho yake yametoka na tumbo limesukumwa kinywani. Ukitaka kumrudisha kwa kuwa ni mchanga, usimtoboe. Geuza kreti la soda kifudifudi, ulifunge kamba na uzito, uliteremshe naye akiwa chini yake: hewa yake itamshikilia ndani ya kreti mpaka afike kina chake, itakapobanwa tena, nawe ukivuta kamba atabaki huko. Papa hana kibofu hicho. Ini lake kubwa lililojaa mafuta mepesi ndilo limpunguzialo uzito, na kutokana na mafuta hayo hupatikana sifa, ambayo mafundi wetu hupaka vyombo.

Kwako wewe uzamiaye pweza na majongoo kwa pumzi moja, fahamu kwamba mapafu nayo hubanwa: kwenye mita kumi yamebaki nusu, na mwili ulioelea juu huanza kuzama wenyewe. Usijifunge uzito wa kukuzamisha haraka. Kipimo cha salama ni hiki: ukiwa juu ya maji, toa pumzi, ikiwa unazama hapo hapo, uzito umezidi.

UKIANGUKA MAJINI

1. Usiinue mikono. Kila kiungo kilichotolewa majini hupoteza msukumo wake, na uzito wake huukandamiza mwili uliobaki. Mtu anayepunga mikono miwili hewani anakizamisha kinywa chake kwa nguvu zake mwenyewe.
2. Lala chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu. Watu wengi hukataa kuzamisha masikio kwa hofu, na kichwa kinachoinuliwa huizamisha miguu.
3. Vuta pumzi nyingi, uishike kitambo, uitoe upesi na kuvuta nyingine. Kila lita ya pumzi ni kilo moja ya msukumo.
4. Usihangaike kuvua nguo. Nguo iliyolowa haina uzito wa kutisha ikiwa ndani ya maji, na hewa iliyonaswa ndani yake yaweza kukufaa. Viatu vizito ndivyo vya kuvuliwa.
5. Chombo kilichopinduka kikiwa bado kinaelea, kishike, usiogelee kuelekea pwani unayoiona karibu. Waokoaji huona chombo kabla ya kuona kichwa.

Na ikiwa wewe ndiwe mwokoaji, usimrukie mtu anayezama, kwa kuwa atakupanda begani ili ajitoe majini, na uzito wake ulio nje ya maji utakuwa juu yako. Tia kikombe kimoja cha maji ndani ya dumu ili lirushike mbali, lifunge kifuniko na kamba, ulirushe kupita kichwa chake, kisha uivute kamba mpaka dumu limfikie mikononi. Mwambie alikumbatie kifuani, asilipande. Zima mashine, umpandishe kwa upande wa tezi, kwa maana kumvuta ubavuni, wenzako wote wakiinama huko huko kusaidia, kumepindua mashua nyingi. Akiisha kuwa ndani mlaze chini katikati, uangalie kama anavuta pumzi. Kama havuti, anza mara moja kumpulizia pumzi kinywani na kumbonyeza kifua. Hata akikaa na kuzungumza, ikiwa maji yameingia mapafuni, au anakohoa au kuhema kwa shida, mpeleke hospitali siku ile ile.